Majilio katika mwaka mgumu: namna ya kuyaishi majuma manne ukiwa na moyo mzito

Mwezi wa sita mwaka huu nilimzika mama yangu huko Wete, Pemba. Hata arubaini haijatimia, mume wangu akarudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi. Kwa hiyo Novemba ilipoingia na mvua za vuli zikaanza kupiga mabati, jambo ambalo sikulitaka ni mtu kuja kuniambia nifurahi. Ninamwandikia mwenzangu aliye katika hali hiyo: aliyefiwa, aliyepoteza kazi, aliyeachwa, anayeuguza, au aliyechoka tu mpaka Biblia imekaa juu ya kabati tangu Pasaka. Nimewafundisha wanawake wa jumuiya yetu mambo ya Majilio, yaani majuma manne ya kuingojea Krismasi, kwa miaka mingi. Mwaka huu imenibidi nijifunze upya, hatua moja baada ya nyingine, na hatua hizo ndizo ninazokuletea.

Kabla ya yote, nikukumbushe giza ambalo watu wa Unguja tunalijua. Tarehe 10 Desemba 2009, siku ya Alkhamisi, umeme ulikatika kisiwa kizima. Njia inayoleta umeme kutoka bara iliharibika, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Maji nayo yakawa shida, kwa kuwa pampu hazikuwa na wa kuziendesha, na tukawa tunapanga madumu visimani kuanzia alfajiri. Siku tatu baada ya kukatika umeme ikafika Jumapili ya tatu ya Majilio, ile inayoitwa Jumapili ya furaha. Wakati huo tukikaa Kikwajuni. Nakumbuka mishumaa mitatu mezani na watoto wamekaa wameizunguka, maana hapakuwa na taa nyingine nyumba nzima. Miaka yote kabla ya hapo mishumaa ile ilikuwa pambo. Usiku ule tulisomea, tulikula kwa mwanga wake, na tulimwogeshea mtoto. Tangu siku hiyo naamini kwamba Majilio yaliwekwa kwa ajili ya watu walio gizani hasa, na kwamba mwenye mwaka mgumu ameshafika mlangoni mwake, hahitaji kwanza kujichangamsha ili aingie.

Jua unaingia wapi

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza huwa kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na msimu wote huwa wa siku 22 mpaka 28, kutegemea Krismasi imeangukia siku gani. Rangi ya kanisani ni zambarau, na katika Jumapili hizo wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi mpaka mkesha wa Krismasi. Lizingatie hilo. Kanisa lenyewe linajinyima wimbo wake wa furaha kubwa kuliko zote kwa majuma manne. Ukifika Misani ukashindwa kuimba kwa sauti, hujaharibu kitu. Umo ndani ya msimu.

Chukua kalenda, zitie alama Jumapili nne, na uandike pembeni tarehe zinazokuuma: siku aliyozaliwa marehemu, siku ya kulipa kodi, siku ya kliniki. Uchungu unaoujua tarehe yake unaweza kumwomba mtu aje akae nawe siku hiyo. Usioujua hukukuta uko peke yako unapepeta mchele.

Juma la kwanza: sema ukweli

Watu watakuambia "subira yavuta heri". Wanakupenda, na methali ni ya kweli, lakini ikisemwa mapema mno inamfunga mtu mdomo. Usianze na subira. Anza na Zaburi ya 13, yenye mistari sita tu. Inafungua hivi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Katika mistari miwili ya mwanzo mwimbaji anauliza "hata lini" mara nne. Hana haya. Anamwuliza Mungu kama mtu anavyomwuliza mwenye deni lake.

Fanya hivi jioni ya Jumapili ya kwanza. Chukua karatasi na kalamu, siyo simu, maana simu itakuletea ujumbe wa watu katikati. Andika "Hata lini" kisha umalizie kwa maneno yako. Mimi niliandika: Hata lini nitaishika simu nimpigie mama halafu nikumbuke? Hata lini mume wangu ataamka saa 11 alfajiri akavaa shati la kazi akakaa barazani? Andika mpaka yaishe. Usipambe. Usimtetee Mungu katika karatasi hiyo, hajakuomba umtetee. Halafu soma zaburi yote mpaka mwisho, ambapo mwimbaji anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Ukiweza kusema mstari huo, useme. Ukishindwa, msikilize yeye anavyousema, ufunge kitabu. Karatasi ikunje uiweke chini ya taji la Majilio, nitakaloeleza sasa hivi, ikae hapo mpaka Krismasi.

Taji la ukili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mikono ndiyo iliyonirudisha kwenye sala, kabla ya kichwa na kabla ya moyo.

Taji la Majilio wengi wanadhani ni jambo la kale sana. Linahusishwa na Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1839, kwa kuwa watoto walikuwa wakimwuliza kila siku Krismasi bado siku ngapi, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: mikubwa minne ya Jumapili, na midogo ya siku za katikati. Yaani taji lilianza kama jibu kwa watoto wasio na kitu waliochoka kungoja. Majani ya msonobari yalikuja baadaye, kwa kuwa kwao huko ndio mti unaobaki kijani wakati wa baridi. Sisi hatuna baridi wala msonobari, na sioni sababu ya kununua majani ya plastiki Darajani.

La kwetu nalitengeneza kwa ukili, ule mkanda uliosukwa wa kushonea mikeka. Kama hujui kusuka, mwombe bibi yeyote mtaani anayesuka mikeka akukatie kipande cha ukili wenye upana wa vidole vinne na urefu wa pima moja hivi. Ukunje uwe duara la ukubwa wa sinia dogo, ulipindishe mara mbili ili lisimame, kisha ushone ncha kwa shazia, ile sindano ya mikeka, na uzi wa mwaa. Ukishona ukili uliokauka sana utapasuka. Upitishe kwanza kwenye maji, uufute, uuache kivulini nusu saa. Mama yangu alikuwa akiuweka ukili begani kama kanga anaposhona, na mwaka huu nimejikuta nikiuweka begani vilevile bila kukusudia. Nililia hapo, shazia mkononi, na taji likaendelea.

Halafu tafuta vifuu vinne vya nazi, vile vya upande usio na matundu. Visugue nje kwa kipande cha chupa au msasa mpaka viache nyuzi. Jaza mchanga mkavu wa pwani mpaka nusu, simamisha mshumaa katikati, ushindilie mchanga kwa kidole gumba pande zote. Mchanga una kazi mbili: unaushika mshumaa usiegemee, na moto ukishuka unauzima wenyewe. Vifuu vikae ndani ya duara la ukili, si juu yake, kwa sababu ukili mkavu unashika moto haraka. Katikati weka kifuu cha tano chenye mshumaa mweupe. Huo ni wa Krismasi, hauguswi mpaka usiku wenyewe.

Kwa rangi, desturi ni mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Madukani kwetu aghalabu utapata myeupe tu. Tumia hiyo, na kila kifuu ukifunge utepe wa kitambaa: zambarau kwa mitatu, waridi kwa wa Jumapili ya tatu. Mimi nimekata pindo la kanga kuukuu. Pembeni weka vikonyo vya mrihani na majani ya mkarafuu ukiyapata. Vuli ndiyo hii, Pemba karafuu zimeanikwa majamvini kando ya barabara, na ukiomba kishada hunyimwi. Badilisha majani kila Jumamosi. Yakikauka yaondoe, kwa usalama na kwa heshima ya Jumapili.

Jumapili ya kwanza washa mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu, ya nne yote minne. Usiwahi kuacha taji linawaka chumba kikiwa kitupu, na mtoto asiwashe bila mkubwa kuwapo.

Dakika kumi za magharibi

Sala ndefu mwaka huu usijiahidi. Jiahidi dakika kumi, saa ileile kila siku. Hapa mtaani saa tunaijua kwa adhana, na mimi nimechagua kuwasha mshumaa baada ya adhana ya magharibi, kama saa 12 na nusu jioni, jua likishazama. Wakati majirani zangu wanasimama kuswali, nami nakaa kwa Mola wangu. Inanisaidia kujua kwamba mtaa mzima saa hiyo umenyamaza kwa ajili ya Mungu.

Utaratibu wangu ni huu. Nawasha. Nakaa kimya muda wa kusema Baba Yetu mara mbili moyoni, bila kuisema. Nasoma fungu moja fupi kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, kwa sababu neno lililosomwa kwa macho tu siku za huzuni linateleza. Nataja jambo moja lililonitokea mchana huo, jema au baya. Namtaja mtu mmoja kwa jina. Nasali Baba Yetu kwa sauti. Nazima.

Masomo nimeyagawa hivi, na unaweza kurudia fungu moja juma zima ukitaka. Juma la kwanza, Zaburi 13 na Isaya 9:2-7, penye watu waliokwenda katika giza wakaona nuru kuu. Juma la pili, Isaya 40:1-11. Juma la tatu, Isaya 35, Habakuki 3:17-18 na Mathayo 11:2-6. Juma la nne, Luka sura ya 1, kidogo kidogo, kuanzia habari ya Zekaria.

Na sala ikikataa kabisa? Hilo limenipata jioni nyingi, na jibu nimelipata kwa Zekaria huyohuyo. Alikuwa kuhani, kazi yake ni kusali, na kwa miezi yote ya mimba ya mkewe Elisabeti alikuwa bubu. Lililohitaji kusemwa alilisema kwa ishara, na siku ya kumpa mtoto jina akaomba kibao akaandika. Kwa hiyo jioni usipokuwa na neno, washa mshumaa, ukae dakika kumi hivyohivyo, andika neno moja kwenye daftari na tarehe yake. Daftari langu lina kurasa ambapo neno ni "maji" au "uchovu" au "mama". Zekaria alipofunguliwa kinywa alitoa wimbo mzima, na sidhani ulitungwa papo hapo. Nadhani ulikuwa ukikaa ndani yake muda wote ule wa ububu.

Juma la pili: njia na madeni

Isaya 40 inasema habari ya kutengeneza njia, mabonde yainuliwe na milima ishushwe. Juma hili shughulikia mambo mawili yanayoziba njia nyumbani.

La kwanza ni fedha. Keti na wa nyumbani kabla ya tarehe 10 Desemba, mseme wazi mna kiasi gani. Watoto waambieni mapema kama mwaka huu hakuna nguo mpya za sikukuu. Mtoto aliyeambiwa mapema na baba yake huelewa, aliyefichwa mpaka asubuhi ya Krismasi huumia mara mbili. Msikope kwa ajili ya sikukuu. Mume wangu ndiye aliyewaambia wetu, na mdogo wetu akauliza kama pilau itakuwepo. Itakuwepo. Akasema basi sawa.

La pili ni ugomvi. Kama kuna mtu mmekosana naye mwaka huu, mtumie salamu. Haitakiwi hotuba, "Nimekukumbuka, hujambo?" inatosha kuanzia. Na kama una desturi ya kitubio, nenda juma hili. Juma la mwisho mapadre huwa wamezidiwa na foleni ni ndefu.

Nenda Mkunazini

Kama uko Unguja, tenga asubuhi moja uende Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, hata kama wewe si Mwanglikana. Wengi wetu tunapita pale kila siku tunaona watalii tu, hatuingii.

Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa mwezi Juni 1873, wakati wa Sultani Barghash. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali hapohapo siku ya Krismasi ya mwaka uleule, na Krismasi ya 1877 ibada ikafanyika ndani kabla jengo halijakamilika. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kuiweka Injili katika Kiswahili cha Unguja. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, na mapokeo yanasema hapo ndipo ulipokuwa mti waliofungwa watu wakichapwa. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni.

Tazama tarehe hizo vizuri. Utumwa wenyewe katika visiwa hivi haukufutwa kisheria mpaka 1897. Kwa karibu miaka ishirini watu waliimba Krismasi juu ya sakafu ile, huku nje ya mlango kukiwa bado kuna watumwa. Hawakungoja mambo yote yatengenee ndipo waimbe, wala kwa kuimba hawakusema kwamba yametengenea. Mimi hukaa benchi la nyuma, napiga hesabu ya miaka ile, kisha narudi kwenye mwaka wangu mmoja. Sisemi uchungu wangu ni mdogo. Ninasema sakafu ile inaweza kuubeba.

Ukiwa Pemba, au kazini mbali na mji, nenda kanisa lililo karibu siku isiyo ya ibada, ukae peke yako robo saa. Na wewe unayefanya kazi hotelini Nungwi, Paje au Kiwengwa, najua Desemba ndiyo msimu wa wageni na Jumapili hupewi. Omba zamu ya Jumapili moja tu kati ya nne, na uiombe mapema, Novemba. Zilizobaki, soma masomo ya siku hiyo kabla ya kuingia zamu. Kungoja kwako kunahesabiwa hata ukiwa umevaa sare.

Juma la tatu: furaha

Jumapili hii jina lake la Kilatini, Gaudete, linatokana na neno la kwanza la wimbo wa kuingilia, "Furahini", kutoka Wafilipi 4:4. Padre huweza kuvaa rangi ya waridi. Mwenye huzuni huiogopa siku hii, na mimi niliiogopa kuliko zote.

Ila angalia Injili inayosomwa siku hiyo katika mwaka A, yaani mara moja kila miaka mitatu. Yohana Mbatizaji yuko gerezani. Yeye aliyemwonyesha Yesu kwa kidole pale Yordani anatuma watu wakamwulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Katika Jumapili ya furaha Kanisa linasoma shaka ya mfungwa. Na Yesu hakasiriki. Hamjibu kwa fundisho, anawaambia wajumbe wakamweleze Yohana wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanaenda, maskini wanahubiriwa habari njema. Mlango wa gereza haufunguki. Anapelekewa habari ya mambo yanayotendeka nje, basi.

Kazi ya juma hili inatoka hapo. Kila jioni andika jambo moja uliloliona au kulisikia mchana ambalo ni jema, hata kama halikukuhusu wewe. Liwe dogo na liwe la kweli. "Namshukuru Mungu kwa uzima" ni sala nzuri lakini siyo unachotafuta hapa. Tafuta kitu chenye sura. Jumatatu niliandika: kijana wa daladala alishuka akamvusha mzee asiyeona mpaka upande wa pili, abiria wote wakangoja, hakuna aliyelalamika. Jumanne: embe boribo la kwanza, nimelila nimesimama, likanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Alkhamisi: mume wangu amecheka. Sikuwa na furaha kwa siku nzima hata siku moja, lakini vipande hivyo nilivishika mkononi. Ndicho Habakuki anachokisema: mtini hauchanui, mizabibu haina matunda, zizini hamna ng'ombe, "walakini nitamfurahia Bwana". Hakusema mtini umechanua.

Sahani ya jirani

Sisi Wakristo ni wachache sana visiwani, na mwenye huzuni akijifungia na wachache wenzake huzidi kuwa mpweke. Majilio haya peleka sahani kwa jirani. Maandazi, mkate wa kumimina, chochote ulicho nacho, uifunike kwa kawa. Ukipika kuku, awe amechinjwa na Mwislamu, na umwambie jirani hivyo kabla hajauliza, ale kwa amani. Nawe sahani yako haitarudi tupu, unajua desturi yetu.

Mwaka 2000 Majilio yote yaliangukia ndani ya Ramadhani, na Idi ikaja siku chache tu baada ya Krismasi. Jioni tulikuwa tukipokea futari huku taji letu linawaka. Sijapata tena Majilio ya kungoja kwa pamoja namna ile.

Mwaka huu jirani yangu alikuja na sambusa, akanikuta nimekaa mbele ya mshumaa. Nikamwambia ukweli, kwamba najaribu kufurahi na sijui pa kuanzia. Akakaa kwenye mkeka. Akasema, "Shoga, Bibi Maryam uchungu ulipomshika alikwenda kwenye shina la mtende, akatamani bora angelikufa zamani. Imo katika Sura yake. Mungu hakumkaripia. Aliambiwa asihuzunike, autikise mtende, ale tende." Katika Injili zetu kisa hicho hakimo, na dini zetu zinatofautiana katika mambo makubwa juu ya mtoto aliyezaliwa. Lakini nilikula sambusa zile, na zilikuwa chakula changu cha kwanza tangu asubuhi.

Ikiwa imezidi huzuni

Kuna hali ambayo mshumaa na zaburi havitoshi, na si upungufu wa imani. Kama usingizi umekukimbia kwa majuma, chakula hakipiti, huwezi kuamka kufanya kazi za kawaida, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mtu leo hii, na nenda hospitali. Mjini, Mnazi Mmoja wanapokea wagonjwa, na Kidongo Chekundu ndiyo hospitali ya maradhi ya akili. Najua jina hilo linavyotamkwa mitaani. Usikubali aibu ya watu ikunyime tiba. Padre mwenye busara atakuambia hivyohivyo, na akikuambia usali tu, tafuta padre mwingine.

Juma la nne: nenda kwa mtu

Mariamu alipopata habari nzito kuliko zote, aliondoka "kwa haraka" akaenda nchi ya milimani kwa Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu. Wimbo wake, "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana", hakuuimba Nazareti peke yake. Aliuimba mlangoni mwa mwenzake, baada ya kupokewa.

Kwa hiyo kati ya tarehe 17 na 23 Desemba nenda kwa mtu mmoja ambaye mwaka wake umekuwa mgumu kama wako. Usimpigie simu, nenda. Piga hodi, kaa, kunywa chai yake. Usimpelekee ushauri. Ukitaka kupeleka kitu, peleka mkaa au sukari. Mimi nimepanda boti mpaka Mkoani, kisha gari mpaka Wete, kwa mama mdogo, ambaye alimuuguza dada yake mpaka dakika ya mwisho na hakuna aliyemwuliza yeye analalaje. Tulianua karafuu pamoja mvua ilipotishia. Hatukusema mengi. Usiku akaniambia, "Mwanangu, umenifanya nilale." Na mimi nililala.

Mkesha

Jioni ya tarehe 24 pika mapema ili usiingie kanisani umechoka. Chukua kanga ya kujifunika, upepo wa kaskazi usiku huwa na ubaridi kidogo ukitoka jasho. Ukiogopa kulia wakati wa Utukufu, ule wimbo uliokaa kimya majuma manne, kaa karibu na mlango, na umwambie mtu mmoja uliyekuja naye kwamba huenda ukatoka kidogo. Kisha ukitulia, rudi.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kulala, itoe ile karatasi ya Zaburi 13 chini ya taji. Isome. Yaliyojibiwa yapige mstari, yasiyojibiwa yaache yalivyo, uikunje tena uiweke ndani ya Biblia kwa ajili ya Majilio yajayo. Halafu washa minne yote, na mwisho ule mweupe wa katikati. Kwetu miaka yote aliyeuwasha alikuwa mama, akija kutoka Pemba. Mwaka huu tumekubaliana atauwasha mjukuu wake wa miaka saba, aliyepewa jina lake. Ameshaanza kufanya mazoezi ya kushika kiberiti, baba yake amemshika mkono.